Shilingi Nne kwa Mia

Juni, Mbeya, saa moja asubuhi.
Loleza umejifunika ukungu hadi kiunoni
nami napiga pasi tai nyeupe juu ya meza ya jikoni.
Miaka ishirini na sita. Joho limepauka mabegani,
weusi wake sasa ni wa chai ya rangi.

Watu hudhani kazi yangu ni kupaza sauti.
Kazi yangu ni kuhesabu.
Nimehesabu misumeno ya kiwanda cha mbao Mafinga,
utomvu ukiwa bado haujakauka kwenye meno;
nimehesabu malori ya Sanga pale Makambako,
saba daftarini, matano uani,
mawili, aliniambia bila kupepesa, yako safarini,
na safari hiyo, mwaka wa tisa huu, haijafika.
Nimeona ndugu wa tumbo moja
wakigawana chapati kwenye benchi nje ya Mahakama Kuu
huku ndani mimi na Mwakifuna
tukigawana duka lao.

Mke wa muflisi mmoja alinisindikiza hadi langoni
siku nilipokwenda kupiga lakiri jokofu lake.
Alinifungia ndizi kwenye gazeti.
Sikujua niziandike safu gani.

Kukopa harusi, kulipa matanga, tumeambiwa.
Hatukuambiwa mwandika orodha ya matanga
analipwa na nani.

Kisha ikafa kampuni ya pareto.
Ghala tupu, mizani yenye kutu, na mende,
ndiyo, mende, katika ghala la maua yauayo mende.
Mahakama ikaniteua mfilisi.
Nikafungua orodha ya wadai:
benki, kodi, benki nyingine, mwenye mafuta,
halafu wakulima mia tatu na kumi na mmoja
kwa mwandiko wa karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.
Namba mia mbili na tatu:
Mwashiuya, Yoramu. Ilembo. Kilo themanini na nane, maua makavu.

Baba.

Kila nilipopiga simu alisema maua yanaendelea vizuri.

Nikaandika barua, nikajitoa, kama sheria inavyotaka.
Faili likaenda kwa Mwakifuna,
nami Jumamosi nikapanda Umalila kumweleza.
Nilimkuta akianua maua mkekani, ukungu unapanda.
"Umejitoa," akasema. "Kwenye deni langu?"
"Kwenye shauri, baba."
"Kumbe mtu anaweza kujitoa."

Nikamchorea foleni mavumbini kwa kijiti:
wenye dhamana walishachukua chao pembeni;
kwanza gharama za mfilisi na wakili wake,
kisha mishahara, kisha kodi,
kisha wewe.
Akaitazama kama mtu atazamaye shamba la jirani.
"Anayekuja kuzika ndiye anayekula kwanza?"
Sikuwa na kifungu cha kumjibu.
Hapana. Nilikuwa nacho. Sikukitaja.

Malipo yalitoka mwaka wa tatu,
shilingi nne kwa kila mia.
Akanipigia simu akicheka mpaka akakohoa:
amekwenda dukani kwa hela ya kampuni,
imetosha buti moja la mvua.
"La kushoto. La kulia nangoja kampuni nyingine ife."

Nilicheka naye.
Simu ilipokatika nilikuwa bado nimeishika sikioni.

Tangu hapo orodha nazisoma kuanzia chini.
Lugano, karani wangu mpya,
mwanzoni alidhani nimeshika karatasi kichwa chini.
Akaigeuza, kwa adabu. Nikaigeuza tena.

Tai imenyooka. Chai imepoa.
Leo ni kampuni ya viazi ya Uyole,
wadai mia nne na sita,
na jaji hapendi kungoja.
Namba mia nne na sita:
Anyitike Mwalwisi, magunia kumi na mawili,
hana risiti,
ana shahidi.